Anza na Barua Pepe: Mwongozo kwa Anayeshinda Kwenye Kompyuta

Kila ofisi ina mtu ambaye hakuajiriwa kama fundi, lakini printa ikigoma ndiye anayeitwa. Ofisini kwetu mtu huyo ni mimi. Jioni nikimaliza kazi nahamia kwenye kundi la mtandaoni la wapiga picha wa kujifurahisha, na huko nako maswali hayapungui: "Kaka, akaunti yangu imetekwa, nifanyeje?" Katika kuitwa-itwa huko kote, kosa ninalokutana nalo zaidi si uzembe. Watu wanajitahidi sana, ila wanaanzia pasipofaa. Mtu amebandika karatasi juu ya kamera ya kompyuta, amenunua kingavirusi ya bei kubwa, halafu barua pepe yake inafunguka kwa jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa.

Mpangilio ulio hapa chini ndio ninaoufuata ninapoketi na mtu mbele ya mashine yake. Ukiwa na saa moja tu, maliza hatua mbili za kwanza, nyingine zitasubiri.

Hatua ya 1: Barua pepe

Fungua tovuti yoyote unayoitumia ubofye "Umesahau nenosiri?" Kiungo cha kuweka nenosiri jipya kinatumwa wapi? Kwenye barua pepe. Kwa hiyo aliyeishika barua pepe yako hana haja ya kuhangaika na kufuli nyingine. Anaomba ufunguo mpya wa kila mlango, na anapelekewa.

Mimi nililijua hili baada ya kuumia. Nilijiandikisha kwenye tovuti ndogo ya kuuziana lenzi, nikatumia nenosiri lilelile la barua pepe. Tovuti ile ikaibiwa orodha ya wanachama wake. Asubuhi moja nikashindwa kuingia kwenye akaunti ninayohifadhia picha, na kwenye kikasha cha barua hapakuwa na taarifa yoyote ya nenosiri kubadilishwa. Nikaingia kwenye mipangilio, nikakuta kichujio ambacho sikukiweka: kila barua yenye neno "nenosiri" ihesabiwe imesomwa, kisha itupwe kwenye taka. Kule kwenye taka zilikuwepo barua saba. Mwizi alikuwa akifuta nyayo zake kwa ufagio wangu mwenyewe.

Kwa hiyo fanya haya, kwa utaratibu huu:

1. Weka nenosiri jipya ambalo hujawahi kulitumia popote, wala hutalitumia tena popote.
2. Fungua sehemu ya vichujio na sehemu ya kupeleka barua kwenye anwani nyingine. Futa usichokitambua. Watu wengi hubadili nenosiri na kuishia hapo, kumbe nakala ya kila barua inaendelea kwenda kwa mwizi.
3. Tazama orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti. Kuna chaguo la kuviondoa vyote kwa mpigo. Litumie, kisha uingie upya wewe peke yako.
4. Kagua namba ya simu na anwani ya akiba ulizoandika siku ulipofungua akaunti. Laini iliyoachwa kutumika huishia kuuzwa kwa mtu mwingine, na kama bado imeandikwa pale, huyo mtu asiyekujua ndiye atakayepokea misimbo yako, yaani zile namba za siri zinazotumwa ili uingie kwenye akaunti.

Nenosiri lenyewe liweje? Refu, na lichaguliwe kwa bahati nasibu, si kwa akili yako. Mwaka 1995 Arnold Reinhold alitoa njia aliyoiita Diceware: unarusha dadu mara tano, unapata namba ya tarakimu tano, unatafuta neno lililo mbele ya namba hiyo kwenye orodha ya maneno 7,776. Rudia hadi upate maneno matano au sita. Kama huna dadu wala orodha, chukua kamusi nene, fumba macho, fungua ukurasa, weka kidole. Utapata kitu kama *kibuyu pazia ngisi treni ukwaju* (huo usiuchukue, nimeshauandika hapa). Ni rahisi kuukumbuka kuliko P@55w0rd!, na ni kazi ngumu zaidi kwa kompyuta inayobahatisha.

Methali usitumie. "Haraka haraka haina baraka" ni ndefu kweli, lakini wabahatishaji huanza na misemo ambayo kila mtu anaijua. Mistari ya nyimbo na aya za vitabu vitakatifu nayo iko kwenye orodha zao.

Hatua ya 2: Manenosiri mengine yote

Kuvuja kwa manenosiri si jambo jipya. Nenosiri la kompyuta lilianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwenye mashine ya chuo cha MIT, Marekani, chini ya mtaalamu wa kompyuta Fernando Corbató. Kufikia mwaka 1966 hitilafu ilikuwa imeshachanganya mafaili mawili, na kila aliyeingia kwenye mfumo alionyeshwa orodha ya manenosiri ya watu wote mahali pa salamu ya siku. Mwaka 2009 kampuni ya RockYou ikapoteza manenosiri milioni 32 yaliyokuwa yamehifadhiwa yalivyo, bila kufichwa. Lililotumiwa na watu wengi kuliko yote lilikuwa 123456.

Ndiyo maana huwa simwambii mtu "tafuta tovuti isiyovuja". Namwambia ahesabu kwamba mojawapo itavuja, na ahakikishe kinachovuja hakifungui kitu kingine. Kila akaunti na nenosiri lake. Hakuna kichwa kinachoweza kubeba manenosiri themanini, hivyo tumia programu ya kutunza manenosiri. Kivinjari chako kina moja ndani yake, na simu yako pia. Zipo pia za kujitegemea kama Bitwarden na KeePass. Wewe unakariri mawili tu: la barua pepe na la kufungulia hiyo programu.

Na daftari? Watu huniuliza kwa aibu. Daftari lililofungiwa kabatini nyumbani ni bora mara mia kuliko nenosiri moja kwa kila kitu, kwa sababu mwizi wa mtandaoni hafiki kabatini kwako. Kikaratasi kilichobandikwa ukingoni mwa skrini ya ofisi ni habari nyingine.

Kujua kama anwani yako imo kwenye orodha zilizovuja, iandike kwenye tovuti ya Have I Been Pwned, ambayo Troy Hunt wa Australia aliianzisha mwaka 2013. Itakuambia ni wapi ilipovujia. Anzia kubadili huko, na kote ulikotumia nenosiri lile.

Kuna desturi ya maofisini inayonikera: kulazimisha watu wabadili nenosiri kila baada ya miezi mitatu. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilishasema tangu mwaka 2017 kwamba nenosiri libadilishwe pale panapokuwa na dalili ya kuvuja, si kwa kufuata kalenda. Ukimlazimisha mtu kila robo mwaka ataongeza namba mwishoni. Simba1, Simba2, Simba3. Nimeyaona kwa macho yangu.

Hatua ya 3: Uthibitishaji wa hatua mbili

Hapa unaweka kufuli ya pili, ili mwenye nenosiri lako abaki nje. Uwashe kwenye barua pepe kwanza, kisha kwenye akaunti za fedha, kisha za kijamii.

Zipo aina kadhaa. Msimbo wa ujumbe mfupi ni bora kuliko kutokuwa na kitu, ila una udhaifu wake: mtu akifanikiwa kuihamishia namba yako kwenye laini yake, misimbo inamfuata yeye. Agosti 2019 akaunti ya Jack Dorsey, aliyekuwa mkuu wa Twitter wakati huo, ilitumiwa na watu wengine waliofanikiwa kuiteka namba yake ya simu. Programu ya misimbo kwenye simu ni imara zaidi. Inakupa tarakimu sita zinazobadilika kila baada ya sekunde 30, na haihitaji hata mtandao, kwa kuwa inapiga hesabu kutokana na siri iliyopewa siku ya kwanza pamoja na saa ya simu. Jambo hilo la saa likumbuke. Misimbo ikikataliwa ghafla wakati umeiandika sawasawa, mara nyingi saa ya simu imepotea kidogo. Irudishe ijipange yenyewe kwa mtandao na tatizo litaisha.

Ukimaliza kuwasha, utapewa misimbo ya akiba. Ichapishe au iandike, uiweke mbali na simu. Simu ikianguka majini ndipo utakapokumbuka kwamba uliihifadhi kwenye simu ileile.

Kisha kuna hila moja ambayo kundi letu limeigharamia sana. Unapata ujumbe kutoka kwa mtu unayemfahamu, kwa lugha yake ya siku zote:

"Shikamoo dada. Samahani, nimetuma namba sita kwenye simu yako kwa bahati mbaya, naomba unisomee haraka."

Mtumaji si yeye. Akaunti yake imeshachukuliwa, na zile namba sita ni za kuingilia kwenye yako. Ukizisoma, dakika tano baadaye wewe ndiwe utakayekuwa unamwamkia mwingine. Msimbo uliotumwa kwako ni wa kwako, hata anayeuomba akiwa ni bosi au shangazi. Mpigie simu ya kawaida usikie sauti yake.

Hatua ya 4: Masasisho

Hii ni fupi. Ruhusu kompyuta, simu na kivinjari vijisasishe vyenyewe. Tarehe 12 Mei 2017 programu hasidi ya WannaCry ilifunga mafaili kwenye kompyuta za takriban nchi 150, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Ilipenya kwenye ufa ambao Microsoft ilikuwa imeshautolea kiraka mwezi Machi mwaka huohuo. Waliosasisha walinusurika, na wengi wa walioumizwa walikuwa bado wanaahirisha. Kama mashine yako bado ina Windows 10, fahamu kwamba msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Hatua ya 5: Kusoma kiungo na kiambatisho kabla ya kubofya

Zamani tuliambiwa barua ya kitapeli utaijua kwa makosa ya tahajia. Sahau. Siku hizi zinaandikwa vizuri kuliko barua za idara ya utumishi. Kinachobaki ni kusoma anwani yenyewe, na hiyo ni stadi ya dakika mbili.

Tuseme umeletewa hii, niliyoibuni:

https://barua.kampuniyetu.com.hakiki-sasa.net/kampuniyetu.com/ingia

Jicho linakimbilia "kampuniyetu.com" na kuridhika. Ndivyo mtego ulivyotegwa. Ruka ile https:// ya mwanzo, tafuta mkwaju (alama hii: /) wa kwanza unaofuata, simama hapo, halafu soma kurudi kushoto sehemu mbili. Utapata *hakiki-sasa.net*. Huyo ndiye mwenye nyumba. Maneno yote yaliyo kushoto zaidi ni majina ya vyumba alivyovibatiza mwenyewe, na yaliyo kulia kwa mkwaju ni ya kwake pia. Kwa anwani zinazoishia kama .co.tz au .co.uk, hesabu sehemu tatu. Alama ya kufuli karibu na anwani haikuambii kama mwenyeji ni mwaminifu. Inasema tu kwamba mazungumzo yenu hayasikilizwi na mtu wa kati, na tapeli anaweza kuipata bure.

Kwenye kompyuta, sogeza kishale juu ya kiungo bila kubofya, anwani halisi itajitokeza chini ya dirisha. Kwenye simu, bonyeza na ushikilie. Ukiona bado una shaka, achana na kiungo, andika anwani ya tovuti kwa mkono wako.

Viambatisho navyo vina mchezo wake. Mei 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilianzia Ufilipino na kuzunguka dunia kikiwa ndani ya faili lililoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Windows ilikuwa ikificha herufi za mwisho za majina ya mafaili, kwa hiyo wengi waliona .TXT tu, wakadhani ni maandishi matupu, kumbe .vbs ile ni programu. Hadi leo Windows inaficha vilevile mpaka uiambie. Fungua dirisha la mafaili, nenda View, kisha Show, weka alama kwenye File name extensions. Kuanzia hapo "ankara.pdf.exe" haitajificha tena.

Hatua ya 6: Kazini, kabla hujamwita fundi

Usalama na matengenezo vinakutana hapa, kwa sababu aliyechoshwa na mashine hubofya chochote kinachoahidi kumwondolea kero.

*Mashine nzito.* Ninapouliza "umeizima ukaiwasha?" najibiwa ndiyo, na mtu hadanganyi. Tatizo ni kwamba tangu Windows 8 kuna kitu kinaitwa Fast Startup: ukichagua Shut down, kiini cha mfumo huhifadhiwa kwenye diski na kurudishwa vilevile asubuhi, pamoja na maradhi yake. Restart ndiyo inayoanza upya kabisa. Jaribu hiyo kwanza.

*Kila tovuti inadai si salama.* Tazama saa na tarehe. Vyeti vya usalama vya tovuti vina siku ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta inayoamini kwamba tuko miaka kumi nyuma itavikataa vyote. Kama saa inarudi nyuma kila ukizima umeme, betri ndogo ya duara iliyo ndani imekwisha. Kwenye kompyuta nyingi za mezani ni CR2032.

*Mtandao hakuna.* Fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika ipconfig. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, kompyuta imeomba anwani kwa ruta, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Usihangaike na kivinjari. Kagua waya, au waifai, au iwashe upya ruta.

*Printa imekwama na foleni haifutiki.* Fungua Services, tafuta Print Spooler, isimamishe. Nenda kwenye folda C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, futa mafaili yaliyomo (folda yenyewe iache), kisha iwashe tena huduma ile. Utahitaji ruhusa ya msimamizi, na kama huna, hapo ndipo pa kumwita fundi, ukimwambia umefikia wapi. Atakupenda.

*Skrini imejaa onyo jekundu, sauti inapiga kelele, na namba ya simu ya "msaada".* Usipige. Maonyo halisi ya makosa ya Microsoft hayabebi namba ya simu. Huo ni ukurasa wa tovuti tu uliotanuliwa ukajaza skrini. Shikilia Esc au bonyeza F11. Ikishindikana, Ctrl+Shift+Esc, chagua kivinjari, kifunge. Ukifungua tena, kataa kurejesha kurasa zilizokuwa wazi. Kuna mwenzetu aliyepiga ile namba, akaelekezwa kusakinisha programu ya kuongoza kompyuta kwa mbali, akakaa kimya siku mbili kwa aibu. Siku mbili zile ndizo zilizotugharimu, wala si ile simu. Ukikosea, chomoa mtandao na useme dakika ileile.

Na ukiinuka kwenda kunywa chai: kitufe cha Windows pamoja na L. Kwenye Mac, Control, Command na Q.

Hatua ya 7: Kwenye kundi lako la burudani

Kwenye makundi ya burudani watu hujiachia, na wana haki ya kujiachia. Ila picha inasema zaidi ya mwenye picha. Faili lililotoka kwenye simu linaweza kubeba ndani yake tarehe, aina ya kamera, na mahali hasa ilipopigwa. Mitandao mikubwa ya kijamii kwa kawaida huiondoa habari hiyo unapopakia, lakini ukituma faili halisi, kama wapiga picha tunavyopenda, inakwenda nayo. Mwanachama wetu mmoja alituma picha ya lenzi yake mpya ya gharama akiwa sebuleni, faili halisi, na ramani ilionyesha paa la nyumba yake. Kwenye Windows bofya kitufe cha kulia juu ya faili, Properties, Details, kisha uondoe taarifa binafsi. Kwenye simu, zima ruhusa ya mahali kwa programu ya kamera.

Kundi lenyewe liwe na wasimamizi wawili au zaidi, wote wenye uthibitishaji wa hatua mbili. La kwetu lilikuwa na mmoja. Akaunti yake ilipochukuliwa, hakukuwa na mtu wa kumtoa mwizi, na tulitazama miaka minne ya picha na mabishano ikigeuzwa duka la sarafu za kubuni.

Mwanachama akitekwa: tangazeni kwenye kundi mara moja kwamba jumbe zake zisijibiwe, msimamizi amtoe kwa muda, naye aanzie hatua ya 1, kwenye barua pepe, hata kama kilichoibiwa kinaonekana ni akaunti ya kundi tu. Akirudi, asifichwe wala asichekwe, la sivyo atakayefuata atanyamaza.

Hatua ya 8: Nakala

Mpiga picha Peter Krogh ndiye aliyeieneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu za kila unachokithamini, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine kabisa. Kwa mtu wa kawaida hii ni kompyuta, diski ya nje, na hifadhi ya mtandaoni. Diski ichomoe ukimaliza kunakili, maana programu hasidi zinazofunga mafaili hufunga na kilichochomekwa. Hifadhi ya mtandaoni inayojioanisha yenyewe isikudanganye pia: ukifuta hapa, inafuta na kule.

Sasa chomeka hiyo diski yako, chagua picha moja ya mwaka juzi, inakili kwenye kompyuta nyingine, na ujaribu kuifungua.